Jeneza la Mama Randa

Mama yangu ametengeneza milango miaka thelathini, na mtaani wanamwita Mama Randa. Alipoanza kuchonga ubao wa kutelezea juu ya mawimbi, baba mdogo alicheka mbavu hana.

"Shemeji, hilo ni jeneza lako!"

Nikamkata jicho.

Ubao wa kwanza ulimuumbua mama. Ulikuwa na uwazi ndani ili uwe mwepesi, naye akaziba kila upenyo, kama fundi wa milango anayekomesha upepo. Tukauacha juani, hewa ya ndani ikatanuka, ukapasuka. Baba mdogo akapita nyumba kwa nyumba akitangaza msiba.

Mama akachonga mwingine, akautoboa tundu dogo la kupumulia, akalitilia skrubu: nchi kavu anaifungua, majini anaikaza.

Jumamosi akajifunga kibwebwe, akaingia baharini na ubao, baba mdogo akitazama. Wimbi likaja. Akapiga magoti, kisha akasimama! Miaka hamsini na minane, wima kama mlango wake mwenyewe, mpaka ufukweni. Nilipiga vigelegele hadi sauti ikanikauka.

Akamtwisha baba mdogo ubao.

"Shemeji, marehemu karudi. Beba jeneza."