Homa Aliyotoka Nayo Omate

Dada yangu mkubwa alifika Ntoto mimi nikiwa sokoni, nikipima maharage niliyoteremka nayo kutoka kwetu Nyamitaba. Kwa miezi mingi alikuwa Omate, akiwapikia wachimba madini. Dereva wa moto, ile pikipiki iliyomleta, ndiye aliyemshika mkono ashuke. Aliketi kwenye gunia, akajifunika macho kwa kitenge, akasema kichwa kinamuuma nyuma ya macho na mifupa inamuuma kama ya mtu aliyepigwa.

Sisi watu wa milima ya Masisi tukishuka kwenye joto la Walikale tukapata homa, hatuulizi, tunasema ni maleriya. Nilimpeleka chumba nilichokodi karibu na soko, nikamnunulia dawa ya maleriya, na kwa kuwa alikuwa analia kwa maumivu, nikaongeza diclofenac, ile ninayomeza mwenyewe mgongo ukiuma baada ya kulima. Nilimpa siku mbili. Homa haikusikia.

Siku ya tatu tulikwenda kituo cha afya, polepole, akiketi kila penye jiwe. Muuguzi alikuwa mwanamke wa makamo, peke yake na benchi zima la wagonjwa. Alimtoboa kidole, akangoja, akasema haiko maleriya. Akatazama vipele vyekundu kifuani, kisha akauliza kule Omate maji walikuwa wanaweka wapi. Dada akamjibu kwamba kwenye mapipa na bidoni za plastiki zilizokatwa, wazi, karibu na jiko. Muuguzi akasema anafikiri ni dengue, ingawa kipimo chake hana. Mbu wake huzaa kwenye maji yaliyotulia kama yale, na huuma mchana. Nilishangaa, maana dada alikuwa na chandarua na hakukosa kulala ndani yake.

Aliuliza nimempa dawa gani. Nilipotaja diclofenac aliweka kalamu chini.

"Ile uiache kabisa, Mama. Inaweza kufanya damu itoke. Umupatie paracetamol tu, na maji mingi. Na homa ikishuka, musiseme amepona. Njo hizo siku za kuchunga sana. Tumbo ikimuuma, ao akitapika, ao ukiona damu, umurudishe mbio."

Dawa ya kuua ugonjwa wenyewe, alisema, hakuna.

Kesho yake homa ikashuka. Dada akaomba uji, akanywa kikombe kizima. Nilikuwa nimechoka hivi kwamba nilitaka kuamini. Nikafua mashuka. Kabla hayajakauka alianza kujishika tumbo. Akatapika mara tatu, na aliposukutua mdomo maji yakatoka mekundu. Majirani wanne walimbeba kwa tipoi, machela ya miti na blanketi. Mimi nilifuata nyuma na sufuria mkononi, nikifikiria vile vidonge.

Kituoni wakamtundikia serumu, maji ya kuingia mshipani. Siku tatu nilikaa sakafuni kando ya kitanda, nikitazama matone. Muuguzi alipokuja kumpima presha, nilimwambia kwamba ni mimi niliyemmezesha vile vidonge, damu ikatoka.

Hakuniangalia. Alikuwa akifungua mkanda wa kipimo, macho yake mekundu kwa usingizi.

"Ulimupatia kile ulikuwa nacho," alisema. "Leo mukojo inatoka vizuri. Uangalie ile."

Nikaangalia ile. Hata kulia sikuweza, nguvu zilikuwa zimekwisha.

Dada alipona, tukapanda naye Nyamitaba. Nilimwomba asirudi Omate upesi, kwa sababu muuguzi alituambia dengue ya mara ya pili inaweza kuwa kali zaidi. Hakubisha. Kupona kwenyewe kulimchosha kuliko homa: akimenya mihogo mitatu analala, nywele zikampukutika, akipanda mlima hadi shambani anafika na kuketi kwanza kwenye tuta. Wanawake wa shamba la jirani walisema machimbo yamemfundisha uvivu. Mwanzoni niliwaeleza. Baadaye niliacha, nikawa ninamaliza mstari wangu wa maharage, kisha ninachukua jembe lake na kumalizia wake.