Upande wa Pili Kwanza

Nilikuwa jikoni kanisani nikikoroga maharage ya chakula cha Jumatano simu ilipoita. Alikuwa mkuu wa shule. Dada yangu, Verlene Hargett, alikuwa ameanguka darasani wanafunzi wakiandika insha, na hospitalini hawakuweza kumwokoa. Nilizima jiko, nikapiga magoti pale pale sakafuni, nikamlilia Mungu.

Verlene alifundisha hapa mjini Macon karibu maisha yake yote: kusoma, kuandika na kujenga hoja, kwa wanafunzi waliojiandaa kwa mtihani mgumu wa insha unaofanywa kila Mei. Darasani kwake hukuruhusiwa kusema lako kabla hujaeleza la mpinzani wako, tena vizuri, mpaka mwenyewe akubali kuwa ndivyo anavyosema. Hata mezani, nikimsihi ale bamia, alituletea hayo.

"Sema kwanza kwa nini mimi sitaki bamia."

"Dada, hebu kula!"

Kwenye mazishi kanisa letu humpa kila msemaji dakika mbili. Wanafunzi waliomba mmoja wao aseme. Mchungaji akasema nafasi zimejaa, basi nikampa Keziah Mobley, mwanafunzi waliyemchagua, nafasi yangu. Nilichotaka ni dada yangu aagwe kwa heshima tu.

Keziah akasimama. "Bi Hargett alikuwa mkali," akaanza. "Wengine walihama darasa lake wakilia. Walisema hana huruma, anarudisha insha mpaka mtu anachukia kalamu."

Shangazi Ozella akaacha kujipepea. "Yesu wangu! Nani kamleta huyu mtoto?"

Nikainamisha kichwa. Aliyemleta ni mimi.

Keziah akamtazama Dewitt, kijana mmoja wa waliohama. "Nimekosea?"

"Hujakosea," Dewitt akajibu. "Ndivyo tulivyosema."

"Sasa na mimi niwajibu waliosema hivyo. Insha yangu aliirudisha mpaka nikajua ninachotaka kusema. Jiji lilipotaka kuondoa basi linalompeleka bibi yangu kusafishwa damu, nilisimama mbele ya baraza la jiji nikatoa hoja yangu. Basi bado linapita. Huruma yake ilikuwa hiyo."

"Amina," Dewitt akasema.

Shangazi akaanza tena kujipepea. "Haya, mwanangu. Amina."

Tulimzika kando ya mama yetu, udongo mwekundu ukiwa bado na unyevu wa mvua. Mchungaji akaomba, tukaimba, jeneza likashushwa. Nilitupa ua moja, nikamwita kwa jina lake la utotoni, nikamwambia kwaheri. Kisha tukarudi kanisani kula.