Kwaya ya Ndani ya Diski

Uriam alirudi kutoka kwenye meli za Wajerumani na zawadi moja tu kwa dada yake: diski nyeusi inayoenea kiganjani, na ndani yake kwaya ya watu sitini.

"Sitini, Rotia! Wamerekodiwa noti moja moja, kwa nguvu na kwa upole, kwenye kanisa kubwa lenye mwangwi. Wewe unabonyeza tu, wao wanaimba. Nimeinunua na leseni yake, sijaiba."

Rotia aliishika diski kama mtu aliyepewa yai. Alikuwa na miaka ishirini na saba. Asubuhi aliuza vocha za simu dukani Bikenibeu; akitoka kazini alifunga mlango wa chumba chake, akavaa hedifoni na kutengeneza muziki kwenye laptopu iliyounganishwa na kinanda kidogo. Nyimbo nyingi zilizopigwa kwenye sherehe za watoto kutimiza mwaka, pale kusini mwa kisiwa cha Tarawa, zilitoka chumbani humo, na wengi waliozicheza hawakuijua sura yake. Hilo lilimfaa sana.

Lakini sasa alikuwa amejiingiza matatani mwenyewe. Tangu Machi kikundi cha mtaa kilikuwa kikifanya mazoezi ya wimbo wa Mzee Tekiera, ili kiucheze uwanjani Bairiki siku ya uhuru. Ghafla wanaume kumi na tisa wakapata mkataba wa kuchuma matunda Australia, wakaondoka ndani ya wiki moja. Walibaki waimbaji kumi na mmoja. Kwenye kikao ndani ya maneaba, ukumbi wa mtaa, watu waliinamisha vichwa, na Rotia, ambaye kwa kawaida alikaa karibu na nguzo ya mwisho bila kusema neno, akasikia sauti yake mwenyewe ikisema kompyuta inaweza kuziba pengo.

Mzee Tekiera alimgeukia. Wimbo ulitungwa na babu wa mzee mwenyewe, na hakuna aliyeweza kuuimba uwanjani bila idhini yake.

"Jumamosi saa tisa nakuja kusikiliza," alisema. "Wimbo ukilala, nauchukua wimbo wangu. Mtafute mwingine mwakani."

Ilikuwa Alhamisi Uriam alipoleta ile diski. Kompyuta ilichukua dakika ishirini kuipakia kwaya, feni ikivuma kama inataka kupaa. Kisha Rotia akabonyeza noti moja. Walitoka watu, wanaume wazito na wanawake wenye sauti safi, wakajaa chumbani mpaka akashtuka. Akapanga noti, mashine ikarekodi, na kabla ya chakula wimbo mzima ulikuwa tayari.

"Si nilikwambia?" Uriam alisema, akimega shelisheli la kuchoma. "Na lile likinanda lako la bure la ndani ya kompyuta, linalolia kama mbu chupani, lifute."

Ijumaa alasiri waliujaribu mle maneaba bila mzee. Rotia alibofya, akarudi kwenye nguzo yake. Shangazi Teniti, kiongozi wa waimbaji, alianza kupiga sanduku la mbao kwa viganja. Wachezaji walisimama safu mbili, mikono imetandazwa, nyuso kavu bila tabasamu, kama desturi inavyotaka. Ubeti wa kwanza ulisimama vizuri. Wa pili pia. Wa tatu ukaanza kuchubua masikio.

Wimbo wa kucheza huanza chini na taratibu. Kila ubeti unaporudiwa viganja huongeza mbio na sauti hupanda, kidogo kidogo. Hakuna anayepanga wala anayehesabu. Damu ikichemka, wimbo unapanda. Rotia aliujua mpando huo tangu akibebwa mgongoni, na kwa sababu aliujua hivyo, hakuwahi kuufikiria. Alikuwa ameipanga kwaya kwa mwendo mmoja na noti zisizosogea. Waimbaji kumi na mmoja walipanda, watu sitini wakabaki chini, na katikati pakatokea mtafaruku ambao ulimfanya msichana wa safu ya mbele ashushe mikono.

Shangazi Teniti alisimamisha viganja. "Zima! Zima hao wazungu wako! Wamekaa kwenye viti au vipi?"

Watu walicheka, lakini si kwa raha.

"Kesho mzee akisikia hivi," alisema shangazi, sasa kwa sauti ya chini, "miezi minne yote imekwenda na maji. Umenielewa, mwanangu?"

"Nimeelewa, shangazi."

Jumamosi Rotia aliamka mapema. Alijaribu kuipandisha kwaya kwa gurudumu dogo la pembeni mwa kinanda, lile la kuvuta noti juu au chini. Sauti za wale watu wazima ziligeuka kuwa za watoto waliobanwa pua, na mwangwi wa kanisa ukapepesuka nao kama mlevi. Alipoongeza noti ya tatu laptopu iliganda. Akaiwasha upya, ikaganda tena. Saa ilikuwa nne na nusu.

Akalifungua likinanda la bure. Halikuwa na mtu ndani yake, lilikuwa umeme tu unaotikisika na kufinyangwa kwa vitufe. Liliwaka papo hapo. Aliweka milio miwili, mmoja akaushusha kidogo ili isilingane sawasawa, kama majirani wawili wanaoimba pamoja. Akapunguza makali, akatia punje ya pumzi. Bado halikufanana na koo la mtu yeyote. Lakini alipovuta gurudumu, mlio ulipanda wote kwa pamoja, laini.

Tatizo ni kwamba mpando huo haukuweza kurekodiwa mapema, kwa kuwa hakuna aliyejua waimbaji wangepanda lini. Ilibidi mtu akae katikati ya waimbaji, mbele ya mzee na ya mtaa mzima, alipige na kuwafuata.

"Unaiacha kwaya?" Uriam alisimama mlangoni. "Nimeibeba kutoka Hamburg, Rotia. Nilikula wali mkavu wiki tatu."

"Ni nzuri mno, kaka. Ila haitusikilizi."

"Na mbu wako anasikiliza?"

"Mimi ndiye nitakayesikiliza."

Uriam aliingia ndani. Alichukua spika, akatangulia nayo njiani bila kugeuka.

Saa tisa mzee alikuwa ameshakaa ndani ya maneaba kwenye mkeka wa mkadi. Rotia alikaa nyuma ya bega la Shangazi Teniti, kinanda mapajani, uso ukiwaka. Hakuitazama skrini. Alitazama viganja vya shangazi.

Sanduku lilianza. Aliingia chini kabisa, kwa sauti ndogo kuliko alivyokusudia, na maajabu ni kwamba ule mlio usiofanana na mtu ulipotea ndani ya sauti za watu, ukazifanya nene. Ubeti wa pili, gurudumu likasogea upana wa ukucha. Wa tatu, akapanda nao. Safu ya mbele ilianza kugeuza vichwa kwa ghafla, kama ndege anayeona samaki.

Kwenye ubeti wa tano gurudumu liligota.

Alisukuma, halikwenda. Alikuwa ameliacha kwenye kipimo chake cha kawaida, cha kupanda noti mbili tu, na waimbaji, kwa kuwa mzee yupo na damu imechemka, walikuwa wamekwisha kufika pale na bado wanapanda. Aliisikia tofauti ikifunguka, nyembamba, kisha pana. Mzee aliinua kidevu.

Lilikuwapo pigo moja mbele, lile ambalo wote hupiga makofi kwa pamoja na sauti hukatika. Rotia aliinua vidole. Kofi lilipolia alihamisha mkono mzima noti mbili juu na kuliachia gurudumu likarudi katikati. Akabonyeza.

Aliangukia ndani, chini kidogo, na kwa kidole gumba akajipandisha mpaka akawafikia. Shangazi hakugeuka, lakini bega lake liliegemea nyuma likamgusa. Wakapanda pamoja. Msichana wa safu ya mbele alikuwa akilia kwa kuzidiwa na wimbo huku akicheza, machozi yakishuka kwenye uso usiosogea, na mwanamke mmoja nyuma akapiga ukelele. Kisha sanduku likakata, wimbo ukaisha.

Wachezaji walishusha mikono, wakageukia mkeka wa mzee.

Mzee Tekiera alijikuna goti. "Nani aliyeteleza pale kwenye makofi?"

"Mimi, babu," Rotia alisema.

"Nimekusikia. Baadaye sikukusikia tena." Aliitazama safu moja mpaka nyingine. "Mbona mmemficha huko nyuma? Wewe, sogea hapa kando ya sanduku. Tunaanza tena."

"Tena?" alilalamika mchezaji mmoja. "Babu, miguu imechoka!"

"Miguu ya nini? Uwanjani utawaambia watu una miguu?"

Uriam alikuwa ameshainua spika ili aisogeze kando ya sanduku. Rotia alisogea mbele juu ya mkeka, akafungua mpangilio wa gurudumu na kuliongezea nafasi ya kupanda, mara tatu ya mwanzo.  Akaweka mikono juu ya noti za chini, akasubiri kiganja cha shangazi kishuke.