Mkate wa Kumimina wa Bi Mize

Nilipokuwa mtoto, Krismasi ya nyumbani kwetu Gombani ilianzia kwa jirani Mwislamu. Mama alinituma na majogoo wawili waliofungwa miguu, niwapeleke kwa mume wa Bi Mize awachinje. Bila hivyo majirani wasingeonja pilau yetu, na Krismasi ya kula peke yetu, katika mtaa ambao Wakristo tulikuwa wa kuhesabu, isingenoga. Tulikuwa watu wa Tabora. Baba alihamishiwa Pemba kikazi.

Mchana sinia la pilau lilikwenda kwa Bi Mize, na halikukawia kurudi na mkate wa kumimina, mweupe ndani, umeiva vizuri juu, unanukia iliki na nazi. Alikuwa ameroweka mchele tangu jana yake, akausaga, akauchoma kwa makaa chini na juu ya mfuniko, kwa ajili ya sikukuu isiyo yake.

Nasi hatukuula. Kabla hatujaondoka bara, bibi yangu alimkalisha Mama akamwasa: Pemba ukila cha mtu umejiuza. Usiku utachukuliwa ukalime shamba lake la mikarafuu, asubuhi huna habari, mgongo tu unauma. Mama aliyaamini hayo kama alivyoamini Injili. Kila mwaka aliupokea mkate kwa mikono miwili, "Ahsante jirani, Mungu akubariki," kisha akaupeleka uani na kuwakatia kuku.

Mwaka mmoja, akiwa ameshatukabidhi mkate na kwenda zake, Bi Mize alirudi. Alikuwa amesahau kutuletea kahawa ya tangawizi ya kuteremshia mkate, akaja nayo mwenyewe kwenye birika, akapita mlango wa uani kama jirani yeyote. "Hodi wenyewe!" Akatukuta, Mama kainamisha sinia, kuku wanagombania mkate.

"Umeniponyoka, jirani," Mama akasema.

Mkate wa kuponyoka haukatiki vipande vidogo vya kutosha mdomo wa kuku. Nilikuwa mtoto, lakini hilo nililiona, na uso ukaniwaka moto.

Bi Mize aliweka birika chini, akachukua kipande kilichobaki kwenye sinia, akala nusu. Nusu ya pili akaninyooshea mimi.

"Haya mwanangu. Mie n'shakula, waniona? Kula nawe."

Mate yalinijaa. Miaka yote ile niliujua mkate ule kwa harufu tu, na sasa ulikuwa mbele ya pua yangu. Nikamtazama Mama. Alitikisa kichwa, kidogo sana, kama anayefukuza nzi. Bi Mize aliona.

"Basi mwanangu," alisema, akiurudisha mkono wake taratibu. "Msikize mamaako."

Laiti angetutukana. Aliongea kwa sauti ya kunihurumia, akaaga vizuri, akaenda zake. Birika alituachia. Kahawa nayo tuliimwaga.

Kuku hawakufa. Tuliendelea kula mayai yao bila wasiwasi wowote, na hakuna aliyeamka na jembe mkononi.

Simlaumu Mama kwa hofu yake. Aliirithi, na alidhani ananilinda. Kinachonichoma ni kwamba familia ile ilikaa mkekani kila Krismasi ikala pilau yetu, pilau ya wageni wa dini nyingine, wala hawakuwahi kuuliza tumetia nini sufuriani. Kama kulikuwa na wa kumwogopa mwenzake, walikuwa wao. Walisema bismillahi, wakala, wakalamba vidole.

Siku hizi, desturi ya kazini ikifika Desemba ni kuulizana kila mtu anapenda chakula gani cha Krismasi. Mimi hujibu pilau. Naona haya kutaja mkate wa kumimina wa Bi Mize, maana hapakosi mtu atakayeniuliza ulikuwa na ladha gani.