Maharagi Niliyoyapanga Kuwa Wimbo

Siku ya kwanza ya kazi yangu nilifukuzwa kabla ya saa nne asubuhi. Ilikuwa Butembo, katika korali ya parokia. Wenzangu waliimba maneno. Mimi nilitoa sauti ya mashini ya kusaga muhogo, kwanza ikikataa kuwaka, kisha ikishika moto. Mukubwa wa korali akashusha mikono.

"Kambale, uko naimba ao uko mugonjwa?"

"Naimba, Chef, mukubwa wangu. Hii ni muziki ya kesho."

"Basi rudia kesho."

Nilirudi kesho yake. Akanifukuza tena.

Vijana, mujue: nilisoma mpaka darasa la nne tu, na katika mji huu hapana mutu aliyefanya sauti kuwa kazi kabla yangu. Noti sikujua kuandika. Donc, basi, nilipanga maharagi juu ya lungo, ule ungo wa kupepetea: kubwa ni sauti ndefu, dogo ni sauti fupi, jeupe ni nyamaza uvute pumzi. Mstari wa juu wanawake, wa chini wanaume. Hiyo ndiyo ilikuwa partition yangu, karatasi yangu ya muziki, na waimbaji kumi na wawili niliwafundisha hivyo mimi mwenyewe.

Mwishowe, alipotusikia, Mukubwa yule yule alituita twende mji wa Beni, tuimbe mbele ya mapadri na wachungaji.

"Mukifaulu, makanisa itawafungukia. Mukianguka, Kambale, mashini yako utaisagia kwako."

Tulifikia kwa Mama Masika, muumini wa pale. Nikaweka lungo mezani, nikaenda kunawa. Kurudi, lungo tupu.

"Mama, maharagi yangu iko wapi?"

"Iko kwa moto, baba. Nimesema, mugeni huyu ana adabu, ameleta chakula. Lakini kuchagua maharagi hapana unajua: uliacha nyeupe ndani ya nyekundu."

Nikakaa chini. Kazi ya miaka mitatu inachemka, na mimi mtungaji sikumbuki hata mstari wa pili. Paluku, muimbaji wangu wa sauti ya chini, akacheka mpaka machozi.

"Chef, wewe ulipanga, sisi ndio tuliimba. Simama tu, upige mikono."

Nilisimama. Waliimba yote, kila pumzi mahali pake. Sauti ya mashini iliposhika moto, mapadri waligeuka kuangalia mlangoni, wakitafuta mashini yenyewe. Watu wakasimama wima.

Mukubwa akanifuata kwa Mama Masika. "Partition iko wapi? Nataka kopi."

Nikamsogezea sahani ya maharagi. "Kula, Chef."

Leo koo limechoka, daktari amenikataza kupaza sauti. Wale kumi na wawili wanafundisha mpaka vijiji vya Masereka na Kasugho, nami nakaa mbele nikisikiliza kazi yangu bila kufungua kinywa. Nyumbani, mutu akiniwekea maharagi, nayasoma kwanza, ndipo nakula.