Kipande cha Tano

Walimwita Kobe, na si kwa sababu ya mwendo wake tu. Nyumba yake ilikuwa mgongoni mwa kazi yake: vyumba viwili vya kulala nyuma ya banda la boti, na mbele ya vyumba hivyo karakana ambayo dirisha lake pekee lilitazama ukuta. Bwawa lilikuwa upande wa pili wa ukuta huo. Kobe alilisikia tangu utotoni, akalinusa, akalipangusa kwenye viatu vya watu. Kulitazama, alilitazama mara chache, kama mpangaji anavyomtazama mwenye nyumba.

Kazi yake ilikuwa viatu vya kutelezea majini. Mchezo wenyewe ni huu: boti inakuvuta kwa kamba, nawe umesimama juu ya ubao mmoja mwembamba, mguu mmoja nyuma ya mwingine, unakwenda kushoto na kulia ukiyazunguka maboya mpaka uyamalize au ubao ukutupe. Miguu yote miwili imo ndani ya mabuti magumu. Mabuti yamefungwa kwa skrubu kwenye bamba la alumini, na bamba limeshikwa kwenye ubao kwa vipande vya utepe wenye meno, utepe unaong'ang'ania mwenzake kama kishonanguo kinavyong'ang'ania suruali. Ukianguka vibaya, meno yanaachana, bamba linang'oka, na miguu yako inatoka salama na mabuti yake, ubao ukaenda zake. Meno yasipoachana, ubao unabaki nawe, maji yanaukamata, na kinachokatika kwanza ni kile kilicho laini zaidi.

Marehemu baba yake, aliyemwachia karakana, alizoea kusema kwamba kiatu cha majini kina kazi mbili, kushika na kuachia, na kwamba ile ya kwanza hata gundi inaiweza.

Hakuna miguu ambayo Kobe aliijua kama ya mdogo wake. Klabu nzima ilimwita Bingwa, jina alilopewa akiwa bado anatambaa, wakati hajamshinda mtu yeyote ila kwa kulia. Wazazi walipoondoka, mmoja akimfuata mwenzake kama waliokubaliana, Kobe alibaki naye. Alisema kwamba Bingwa akishakua, ndipo yeye ataoa. Bingwa alikua, na Kobe alipogeuka kutazama, aliyekuwa amemkusudia alishakuwa mama mkwe wa watu.

Mguu wa kushoto wa Bingwa ulikuwa na mfupa uliochomoza ubavuni. Kobe alililainisha buti pale kwa mashine ya kukaushia nywele, akalisukuma kwa ndani kwa kitako cha nyundo mpaka likafanya kibonde, akakipima kwa dole gumba, akalipasha tena. Alipunguza sponji ya ndani kwenye unyayo, akaiongeza nyuma ya kisigino. Kamba za kawaida alizitoa, akatia za mpira zenye kibanio. Bingwa alipovaa mara ya kwanza alisema kwamba sasa ndiyo anajua miguu yake ilikuwa inamaanisha nini.

Mwaka huo klabu zilikuwa zinatafuta mtu mmoja wa kwenda kufundishwa nje ya nchi, akae huko. Bingwa hakuzungumza kitu kingine. Alikuwa ameshachoka na vyumba viwili, na harufu ya petroli kwenye mito ya kulalia, na dereva wa boti anayemtania tangu akiwa na mapengo. Kobe naye alitaka aende. Alitaka kuliko Bingwa mwenyewe, ila hakuwahi kumwambia.

Siku chache kabla ya majaribio ya kumchagua mtu huyo, Bingwa akiwa kwenye boya la tatu, kona safi kabisa, mwili umelala vizuri, bamba liling'oka tu. Hapakuwa na sababu. Alitembea kutoka ufukweni peku, ubao begani, dereva wa boti nyuma yake, akamkuta Kobe mlangoni.

"Kaka," alisema, "viatu vyako vinaogopa kuliko wewe."

Dereva alicheka, kisha akaona uso wa Kobe, akakumbuka ana boti ya kufunga.

Jioni ile Bingwa aliomba kipande cha tano cha utepe. Vipande vilikuwa vinne tangu enzi za baba, kwa kila mteja, mnene au mwembamba. Kobe alikataa. Bingwa hakugombana naye. Alisogeza sahani, akaenda kulala na njaa, na kesho yake vilevile, na keshokutwa. Wapo watu wanaoweza kuvumilia kilio cha mtoto waliyemlea. Kimya chake ni kitu kingine.

Asubuhi ya majaribio Kobe aliutoa ubao chini ya kitanda cha Bingwa, ulikozoea kulala, akaingia nao karakana na kurudishia mlango. Aliinua bamba upande wa kisigino tu, akachomeka kipande kipya pale ambapo bamba huanza kung'oka, akalikandamiza kwa goti. Alifanya haraka, kama mtu anayeficha kitu mfukoni.

Sasa palikuwa na desturi ya karakana ile. Hakuna kiatu kilichotoka bila fundi kukijaribu mwenyewe. Ubao ulibanwa ndani ya fremu ya mbao iliyopigiliwa sakafuni, mbele yake godoro kuukuu. Fundi alivaa mabuti, akakaza, akajiangusha. Na mtu wa pili alisimama kando, tayari kumshika. Hilo la mtu wa pili baba alilikazia kuliko yote, na mtu wa pili kwa miaka mingi alikuwa dereva wa boti. Lakini dereva angeona kipande cha tano, na dereva akijua, bwawa zima limejua.

Kwa hiyo Kobe alivaa peke yake. Alivuta pumzi, akajiachia mbele kama gogo.

Kwa kawaida husikika mlio, mfano wa kitambaa kipya kinachochanwa, na mtu hujikuta godoroni na bamba miguuni kama kandambili za zimwi. Siku hiyo hapakuwa na mlio. Godoro lilimpokea magoti na viganja, na miguu ilibaki ilikokuwa. Kitu ndani ya kifundo cha mguu wa nyuma kilisema ta.

Alijaribu kurudi nyuma asimame, kifundo kikamkatalia. Alipeleka mkono kwenye kibanio cha kamba. Vidole vilifika, lakini kamba zilikuwa zimekazika kama waya, na kilichozikaza ni uzito wake mwenyewe. Kadiri alivyosogea kuzifikia vizuri, ndivyo alivyozikaza zaidi. Alilala ubavu, maumivu yakamrudisha magotini. Akaita mara moja, kwa aibu, sauti ya mtu anayetumaini asisikike. Nje boti ilikuwa inapashwa moto, na kipaza sauti kilikuwa kinajaribiwa, moja mbili, moja mbili. Akaita tena, safari hii kwa nguvu. Moja mbili, kikamjibu.

Basi akakaa hivyo, mashavu karibu na godoro. Aliona chini ya meza ya kazi, mahali ambapo hakuwa amepaona tangu akiwa mtoto wa kucheza humo. Palikuwa na skrubu zilizopotea, vumbi la sponji, na buti moja dogo la bluu, la kwanza alilomshonea Bingwa, mwenzake hajulikani aliko. Jasho lilimdondoka puani. Alifikiri kwamba dereva akimkuta atasema kobe kapinduka, akataka kucheka, akakumbuka kobe hupinduka chali. Yeye hata hilo amelikosea. Kisha hamu ya kucheka ikamwisha kabisa, maana akilini aliuona ubao uko majini, na mtu aliyenaswa si yeye, na kichwa kiko chini, na boti bado haijageuka.

Mlango ulisukumwa kwa bega, kama ulivyopenda kusukumwa. Bingwa aliingia, tayari amevaa jaketi la kuelea.

"Kaka. Umedondosha nini huko chini?"

"Nifungue kwanza. Utacheka baadaye."

Alicheka kwanza. Alimwingia chini ya kwapa, akamwinua, uzito ukatoka kwenye kamba, vibanio vikaachia kwa urahisi wa kuudhi. Mguu ulipotoka alikuwa hacheki tena. Kifundo kilikuwa kimeshaanza kujaa kama andazi. Alimkalisha juu ya ndoo iliyofudikizwa, akatazama ubao ndani ya fremu, bamba likiwa limekaa pale kama limeota.

"Mbona hakikuachia?"

"Uliomba kisiachie."

Kipaza sauti kilitaja majina. Lake lilikuwa la mwisho. Bingwa alichuchumaa, akagusa bamba kwa kidole.

"Kikiachia kama siku ile," alisema, "nabaki hapa."

"Utabaki na miguu."

"Wewe unayo, kaka. Imekupeleka wapi?"

Kobe alitazama mlango wa karakana, na nyuma yake mlango wa chumba, na hatua za katikati ambazo angeweza kuzitembea usingizini. Kisha akaonyesha godoro.

"Vaa," alisema. "Ujiangushe. Nitakushika."

Bingwa alilitazama godoro. Lilikuwa bado na alama za magoti. Akachukua bisibisi bapa, akaipenyeza chini ya kisigino cha bamba, akalalia mpini kwa mwili wote. Mlio ulikuja mwishowe, kama shuka linalochanwa, na bamba zima likang'oka. Akabandua kipande cha tano, akakitupa chini ya meza, kule kwenye buti la bluu.

"Haya," alisema. "Na hivi vinne vinavyoogopa?"

Kobe aliomba bamba. Alilipakata, akaliinamisha kwenye mwanga uliopenya tundu la bati la juu, na hapo akaona. Katika vipande viwili vya mbele, katikati ya meno, kulikuwa na tope laini lililokauka, limejaa kama ukoga. Meno hayakuwa yanashika meno. Yalikuwa yanashika udongo. Mbao za wateja zote zilifika karakana kila juma, zikafunguliwa, zikapigwa mswaki. Ubao wa Bingwa ulilala chini ya kitanda cha Bingwa. Haukuwa wa mteja, kwa hiyo hakuna aliyewahi kuuleta kusafishwa.

"Kinyozi hajinyoi," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo.

Bingwa alikwenda chumbani, akarudi na mswaki wake mwenyewe. Kobe alisugua, yeye akamwagia maji, wakakausha kwa mashine ya nywele. Bamba liliporudi lilishika kwa mlio ambao wote wawili waliujua. Muda wa kulijaribu haukuwepo, wala mguu wa kulijaribia. Jina liliitwa. Bingwa alichukua ubao, akausukuma mlango kwa bega, akaenda.

Kobe hakuweza kusimama. Aliketi juu ya ndoo, uso kwenye dirisha, na dirisha uso kwenye ukuta. Alisikia boti ikishika mwendo, kisha ule mvumo wa ubao unaokata maji, ukipanda na kushuka kila kona. Boya. Boya. La tatu lilipita, akajikuta amekamata magoti yake kwa mikono miwili. La nne. Alikuwa anajiinamisha na kujiinua juu ya ndoo kama ndiye anayevutwa.

Kisha kishindo, na injini ikazimwa.

Hapakuwa na sauti. Watu wa ufukweni walinyamaza, nao wana macho. Kobe alijaribu kuinuka, akaanguka kwenye meza ya kazi, akaishika. Alisubiri sauti yoyote, hata ya kilio, maana mtu anayelia yuko juu ya maji.

"Kobe wewe!" sauti ilikuja kutoka bwawani, imejaa maji na hasira. "Mzee wa gamba! Vimetoka vyote!"

Dereva alisikika akicheka. Kobe aliteleza taratibu mpaka sakafuni, mgongo kwenye mguu wa meza.

Nafasi ilichukuliwa na kijana wa klabu nyingine, aliyezunguka boya moja zaidi. Bingwa alikuja na habari hiyo mwenyewe, akichuruzika, ubao begani, akaketi kwenye godoro bila kujali kulilowesha. Kobe alitazama miguu yake kabla ya uso. Vifundo vilikuwa sawa. Mfupa wa kushoto haukuwa hata na wekundu.

Walikaa. Nje walikuwa wanafungasha viti. Bingwa alikuwa amelia njiani, akaosha uso, na sasa alikuwa anautazama ukuta uliojaza dirisha, kama mtu anayeusoma.

"Boya la tano lilinishinda kwa kuchelewa," alisema mwishowe. "Nilifika kona imeshapita."

"Mabuti yamekaa nyuma mno kwenye bamba. Yasogee tundu moja mbele."

"Lini?"

"Sasa hivi," Kobe alisema, akanyoosha mkono, naye Bingwa akampa bisibisi. Kisha Bingwa akainuka, akapiga magoti kando ya kaka yake, akamshika mabega, asije akaanguka tena.

"Haya," alisema. "Mtu wa pili nipo."