Mama Usingizi na Shahidi Asiyelala

Saa mbili na robo asubuhi, nesi ambaye hospitali nzima inamwita Mama Usingizi anatundika mlangoni kibao cha "Usibishe hodi", anavuta pazia na kuzima feni kwa sababu inalia. Chumba hiki kilikuwa stoo ya magodoro. Kiti cha kuegemea kipo kimoja tu, na mguu wake uliovunjika umefungwa bandeji. Kaufunga mwenyewe; unesi haumtoki mtu.

Kitini anakaa mwanamume aliyekuwa akikata vitambaa katika kiwanda cha nguo. Anafumba macho. Mama Usingizi anasema naye polepole, kwa sauti ya mtu anayembembeleza mtoto anayejifanya hataki kulala. Baada ya dakika chache mabega ya mkata vitambaa yanashuka. Hajazimia wala hajapumbazwa, kila neno analisikia. Ametulia tu kiasi cha kuweza kuukumbuka moto bila mwili wake kutaka kukimbia.

Moto wenyewe ni wa miaka mitatu iliyopita. Kiwanda kiliungua mchana kweupe, wakafa watu thelathini na mmoja, wengi wao chini ya ngazi, mbele ya mlango wa dharura. Walionusurika wanasema mlango ulikuwa na kufuli, eti wafanyakazi wasitoroke na vitambaa. Mwenye kiwanda anasema ulikuwa wazi. Kufuli lenyewe halijaonekana hadi leo. Chuma kizima kimeyeyuka kama barafu, na tunatakiwa tuamini.

Mama Usingizi ana miaka hamsini na miwili, na ishirini na saba kati ya hiyo ameitumia wodini. Alichoka kugawa vidonge vya usingizi kwa watu ambao wakiamka wanaanza upya kutetemeka, ndipo akasomea tiba hii, inayoitwa hipnosi, kwa miezi tisa. Mshahara haukuongezeka hata senti. Kilichoongezeka ni maneno: kwamba anacheza na akili za watu, kwamba ana mambo yake.

"Shemeji yangu tukikaa mezani hanitazami usoni," anasema. "Anaogopa nitamlaza na kijiko mdomoni."

Anacheka, lakini si sana.

Mgonjwa wake wa kwanza kutoka kiwandani alikuwa mwanamke aliyeshona vifungo, na wenzake walimwita Kifungo. Mama Usingizi alifanya kama alivyofundishwa: mgonjwa anafumba macho, anajiona akishuka ngazi kumi, moja moja, na kila akishuka anazidi kutulia. Walipofika ya saba, Kifungo alipiga ukelele, akaurukia mlango wa stoo na kuupiga kwa ngumi mpaka vidole vikatoka damu.

"Nilimshusha kulekule," anasema Mama Usingizi. "Ngazi! Nilikuwa na akili gani siku ile?"

Ilimchukua miezi miwili kumrudisha kitini. Tangu hapo hamshushi mtu ngazi, anawatembeza kwenye uwanja tambarare. Kifungo alipata nafuu. Akaanza kulala saa tano kwa mpigo, akaweza hata kuwasha jiko mwenyewe. Na kosa lile Mama Usingizi aliliandika kwenye daftari lake la kazi bila kuficha kitu, kama nesi anayejiheshimu anavyotakiwa kufanya.

Daftari hilo ndilo lililomponza.

Kesi ya moto ule ilipoanza kusikilizwa, Kifungo alikula kiapo akaeleza alivyolishika kufuli kwa mkono wake. Wakili wa kiwanda hakubishana naye. Alimuuliza tu kama amewahi kutibiwa kwa kulazwa usingizi na kusemeshwa. Kifungo, kwa moyo mweupe, akajibu ndiyo, tena imemsaidia sana. Wakili akaomba daftari liletwe, akalisoma mbele ya watu kwa madaha: nesi kamshusha shahidi ngazi, kamfikisha mlangoni. Kufuli hilo, akasema, limewekwa kichwani mwake na nesi. Hakimu akautupa ushahidi wote.

"Nilimtibu, nikamziba mdomo," anasema Mama Usingizi. Ni jambo linalomuuma mpaka leo, na halifichi.

Shahidi mwingine aliyeliona kufuli kwa macho yake amebaki mmoja, mwanamke aliyekuwa akipiga pasi. Binti yake alifia pale chini ya ngazi. Hajawahi kutibiwa, na kwa sababu hiyo hiyo ushahidi wake bado ni mzima. Kesi imeahirishwa mara nne: mara hakimu yuko likizo, mara faili halionekani. Mpiga pasi analala saa mbili kwa siku, na mikono inamtetemeka hivi kwamba chai anainywa kwa kikombe cha plastiki.

Kila Jumanne anakuja. Haingii ndani, anakaa kwenye benchi la nje, na Mama Usingizi anatoka kukaa naye. Wanaongea bei ya sabuni na majirani wenye kelele. Moto hautajwi, na akianza kusinzia, Mama Usingizi anamgusa bega amwamshe, asije mtu akasema alimwona amelazwa. Nesi mzima, anamwamsha mgonjwa asiyepata usingizi.

Jumanne hii mpiga pasi hakuzungusha maneno. "Dada, nilaze. Kesi yao nimechoka nayo."

"Ukitaka nakulaza sasa hivi, mwenzangu. Ni haki yako, sitakulaumu."

Mpiga pasi aliutazama mlango wa stoo. "Na mwanangu nani atamsemea?" akauliza, kisha akabaki pale pale kwenye benchi.

Kesi imepangwa tena mwezi ujao. Siku hiyo Mama Usingizi hatapokea mgonjwa mwingine. Mpango wake ni kusubiri nje ya mahakama, na mpiga pasi akishamaliza kusema, amlete moja kwa moja hadi kitini, hata kabla hajanywa maji.

Alipoulizwa itakuwaje kesi ikiahirishwa mara ya tano, alilitupia jicho benchi, akashusha sauti.

"Hilo usiniulize hapa. Anasikia."